Swali la lugha: Kaya Fungo ni kaya gani?

Swali: Nimesoma habari kuhusu "magofu ya makaya ya Mijikenda". Mwenzangu wa Dodoma anasema kaya ni watu wa nyumba moja, kama mkuu wa kaya kwenye sensa. Nani amekosea? Na tuseme Kaya Fungo au Kaya ya Fungo?

Jibu: Mwenzako yuko sawa kwa Kiswahili cha ofisini, lakini hapo kaya ni kitu kingine. Kwa Mijikenda, makabila tisa ya pwani ya Kenya kuanzia Kwale hadi Kilifi, kaya ni mji wa kale uliojengwa ndani ya msitu, mara nyingi juu ya kilima, ukizungushiwa boma la magogo. Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, ina malango, na ndani ya kaya kulizikwa fingo, yaani dawa ya kuulinda mji. Wazee husimulia kwamba mafingo hayo walitoka nayo Singwaya, kaskazini, walikofukuzwa na Wagala (Waoromo). Maana zote mbili zinakutana kwenye makazi. Hata Msukuma akisema kaya anataja nyumbani kwake.

Wingi katika Kiswahili sanifu haubadiliki: kaya hii, kaya hizi. Hata hivyo, "makaya" halikuzuka hewani. Wenyewe walijiita Makayachenda, yaani kaya tisa, na chenda yao ndiyo kenda yetu ya zamani iliyomo katika Mijikenda. Jina la Mijikenda lilishika nafasi ya "Wanyika", ambalo watu wa mwambao waliwabandika kwa dharau. Mimi huandika kaya, lakini siwezi kumsahihisha mzee wa Kirabai akisema makaya.

Kaya ya Wagiriama, mojawapo ya makabila hayo, andika Kaya Fungo, bila "ya", kama tusemavyo Mto Tana au Mlima Kilimanjaro. Ndivyo ilivyo pia kwa Kaya Kinondo ya Wadigo. Kule Rabai iko Kaya Mudzimuvya, na ukiitamka polepole utausikia "mji mpya" humo ndani.

Neno linalonisumbua ni "magofu". Gofu ni jengo lililobaki kuta, kama yale ya Gede au Kilwa. Nyumba za kaya zilikuwa za miti na nyasi. Leo utakuta uwanja uliozungukwa na miti mikubwa, njia na makaburi. Mji uliohamwa tunalo jina lake: mahame. Nalo ni la kutumiwa kwa uangalifu, kwa sababu watu walihama lakini wazee bado huenda kuomba mvua, na mgeni wa Kinondo hufungwa shuka nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. "Mabaki ya mji" yanatosha.

Mtu akiiita kaya "ngome", neno hilo sitalikataa, ingawa wengi wakilisikia huona kuta za mawe za Fort Jesus. Kazi ya kaya ilikuwa ulinzi, na Waingereza waliichukulia hivyo: Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi yao, alipowaapisha Wagiriama Kaya Fungo mwaka 1913, mwaka uliofuata waliilipua kwa baruti. UNESCO ilipoziorodhesha mwaka 2008 ilizitaja kuwa misitu mitakatifu. Kwa hiyo mwandishi angeweza kuandika: "mabaki ya miji ya kale katika misitu ya kaya za Mijikenda."