Kwa wanaoanza kazi ya kuhesabu makabila katika miji midogo: niliyojifunza Bombo

Ninyi mnaojiandaa kuingia mitaani na dodoso kwa mara ya kwanza, bila shaka mmekwisha kufundishwa namna ya kuorodhesha kaya, kumtambua mkuu wa kaya na kukadiria umri wa mzee asiyejua mwaka aliozaliwa. Swali la kabila hupewa dakika chache tu katika mafunzo, kwa kuwa linaonekana jepesi: mtu anataja kabila lake, nawe unaandika namba inayolihusu. Kwangu mimi hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na nililifahamu hivyo Bombo, mji mdogo ulio yapata kilomita 35 kaskazini mwa Kampala, kwenye barabara ya kwenda Gulu.

Ulikuwa utafiti wa kaya, enzi ya dodoso za karatasi. Katika nyumba ya tatu nilipokelewa na mama mmoja mtu mzima. Tuliamkiana kwa Luganda, watoto uani walikuwa wakizungumza Luganda, na nilipofika kwenye kabila sikuuliza. Niliandika Muganda, nikaendelea. Mama yule alikuwa akifuata kalamu yangu kwa macho. Akaniuliza kwa Kiswahili, “Mwanangu, hapo umejaza nini bila kuniuliza?” Nilipomweleza, akasema, “Sisi ni Wanubi. Baba yangu Mnubi, marehemu mume wangu Mnubi. Luganda tunazungumza na majirani.” Nilimwomba radhi, nikasahihisha, na jioni ile nikarudi kwenye nyumba mbili za mwanzo. Katika mojawapo nilikuwa nimefanya kosa lilelile. Nyumba tatu, makosa mawili, na yote yalikuwa yangu.

Ili muelewe kwa nini macho na masikio hayatoshi Bombo, ni lazima mjue mji ule ulivyopata watu wake. Maasi ya Mahdi, kiongozi wa dini aliyepigana na utawala wa Misri nchini Sudan, yalipoitenga Sudan na Misri katika miaka ya 1880, askari waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri katika jimbo la Ekwatoria, kusini mwa Sudan, walibaki wamezingirwa huko, na mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, aliwakuta karibu na Ziwa Albert, akawaingiza wengi wao na familia zao katika utumishi wa Waingereza nchini Uganda. Waliasi mwaka 1897, maasi yakazimwa, lakini askari hao wa Kinubi, kama walivyoitwa, waliendelea kuwa nguzo ya jeshi la kikoloni, na Bombo ikawa makao ya kikosi cha Uganda cha KAR (King’s African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Askari hao hawakuwa wa kabila moja: walikuwamo wenye asili ya Bari, Makaraka, Kakwa, Lugbara, Alur na wengine wengi. Kilichowaunganisha ni Uislamu, maisha ya kambini na Kinubi, lugha iliyozaliwa kutokana na Kiarabu cha askari. Kwa hiyo Unubi tangu mwanzo ulikuwa jumuiya ambayo mtu angeweza kuingia. Kijana wa Kilugbara aliyesilimu, akaoa katika familia ya Kinubi na kuwalea wanawe kwa Kinubi, wajukuu wake leo ni Wanubi, wala hawakudanganyi wakikuambia hivyo, hata kama binamu zao walioko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanajiita Walugbara.

Mlango huo ulikuwa na pande mbili. Katika utawala wa Idi Amin, kuwa Mnubi kulikuwa na faida, na wapo waliojitambulisha hivyo ambao awali hawakuwa wakifanya hivyo. Alipoanguka Aprili 1979, Wanubi wengi waliandamwa na kukimbilia Sudan, Zaire na Kenya, na miongoni mwa waliobaki wapo walioona ni salama zaidi kujibu kwa jina la kabila la babu. Miaka michache baadaye vita vya Luweero, vita vya msituni vya waasi wa Museveni dhidi ya serikali, vikapita katika eneo hilohilo. Nawasihi mlikumbuke jambo hili mnapobisha hodi: mtu mzima anayesita kabla ya kujibu swali la kabila huenda anakumbuka siku ambayo jibu hilo liliamua nani aondoke na nani abaki. Mwacheni asite. Msimkamilishie jibu, na kamwe msimuulize jirani au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kwa niaba yake.

Sasa nije kwenye maneno ya swali lenyewe, kwa maana hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu kazi bila kujua. Ukiuliza kwa Kiswahili “Wewe ni mtu wa wapi?”, utajibiwa mahali: Arua, Koboko, Bombo hapahapa. Ukiuliza lugha ya nyumbani, familia nyingi za vijana zitakujibu Luganda. Ukiuliza kwa Luganda kwa kutumia neno “eggwanga”, kumbuka kwamba neno hilo hubeba kabila na taifa kwa pamoja, na mtu anaweza kukutajia nchi. Kiswahili nacho kina mtego wake, nao ni mkubwa zaidi kwa sisi wa Uganda: wengi husema “Mganda” kwa maana ya raia yeyote wa nchi hii, na wengine husema neno hilohilo kwa maana ya mtu wa kabila la Baganda. Nimewahi kusahihisha dodoso za mtaa mzima ambamo watu waliosema “mimi Mganda” wakitetea uraia wao walikuwa wamejazwa kuwa Baganda. Tangu hapo, katika timu zangu, tunasema “Muganda” kwa kabila na “raia wa Uganda” kwa uraia, na jibu lisiloeleweka tunaliuliza tena papo hapo.

Kuhusu orodha ya makabila mtakayokabidhiwa, jueni imetoka wapi. Jedwali la tatu la Katiba ya 1995 liliorodhesha jumuiya 56 zilizotambuliwa kuwa zilikuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na marekebisho ya 2005 yakaifikisha idadi hiyo kuwa 65. Wanubi wamo. Wamaragoli wa wilaya ya Kiryandongo, watu wenye asili ya magharibi mwa Kenya ambao wameishi huko kwa vizazi, hawakuwekwa. Raia wenye asili ya Kihindi nao hawamo, ingawa wapo ambao familia zao zimekuwa hapa tangu kabla ya uhuru na zikarudi baada ya kufukuzwa mwaka 1972. Orodha hiyo ilitungwa kwa ajili ya uraia wa kuzaliwa, nayo hutumiwa kama orodha ya watu walioko. Ni mambo mawili tofauti. Hata Waingereza, katika sensa ya 1948, waliwahesabu Waafrika na wasio Waafrika kwa shughuli mbili tofauti, kana kwamba waliishi katika nchi mbili. Mtu asipokuwamo kwenye orodha, andikeni jina alilolitamka yeye, herufi kwa herufi, katika nafasi ya “kabila lingine”. Msimsogeze kwenye kabila linalofanana.

Ndoa za mchanganyiko hazihitaji maneno mengi: muulizeni kila mtu kivyake, na kwa watoto fuateni maelekezo ya utafiti wenu bila kuyabadilisha njiani. Kambi ya jeshi ni suala kubwa zaidi. Bombo ina kambi, na askari hutoka kila pembe ya nchi na kuhamishwa kwa amri. Mkiwachanganya na wakazi wa mji, mtapata mji ambao haupo. Watengeni katika majedwali, na mseme wazi mmewatenga.

Mwishowe ripoti. Katika mtaa wa watu 400, familia moja ya watu 8 ni asilimia 2. Ukichapisha kwamba asilimia 2 ya mtaa fulani ni kabila fulani, umechapisha nyumba ya mtu, na kila msomaji wa pale anaijua. Unganisheni mitaa kabla ya kuyavunja makabila, na makundi madogo myawekee idadi ya mji mzima tu. Chini ya jedwali la kabila andikeni swali kama lilivyoulizwa na lugha iliyotumika kuliuliza. Tulipopeleka matokeo ya Bombo kwenye mkutano wa wakazi, wazee walipitisha karatasi kutoka mkono hadi mkono, wakatafuta safu ya Wanubi kwa kidole, kisha mmoja akauliza kama wajukuu wake wanaosoma Kampala wamehesabiwa hapa au kule. Tulikuwa na jibu, kwa sababu tulikuwa tumeliandika.