Maswali ya Wasomaji: Kuandika Ukiwa na ADHD, Disleksia au Usonji

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa watu wenye mawazo tele ambao wakishika kalamu wanakwama. Kuandika ni kazi nne kwa pamoja: kuwaza, kupanga, kuyatia maneno kwenye karatasi, na kusahihisha. Karibu kila tunalopendekeza hapa ni njia ya kuzitenganisha.

Habari za kazi, wahariri. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Kampala, na daktari amethibitisha kwamba nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kuelekeza umakini. Nikipewa insha ya maneno 2,000 na wiki tatu za kuiandika, naianza usiku wa mwisho. Nyumbani wanasema ni uvivu. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Wandegeya*

Si uvivu, ndugu yetu. ADHD inagusa uwezo wa kuanza kazi, wa kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja, na wa kuhisi muda unavyopita. Tarehe iliyo wiki tatu mbele haina uzito wowote kwako hadi hofu ya usiku wa mwisho ikusukume. Kujikaripia hakusaidii. Kinachosaidia ni kuisogeza kazi karibu na kuyatoa kichwani yale ambayo kichwa hakiyashiki.

Siku unayopewa swali, usiandike chochote. Washa kinasa sauti cha simu, au ujitumie ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, uongee dakika tano kana kwamba unamweleza mdogo wako swali hilo linataka nini. Ongea ovyo, rudia, kosea. Kesho yake chukua karatasi moja ya manila, ikunje mara nne, kata kwenye mikunjo, utapata vipande 16. Sikiliza sauti yako, na kila hoja iandike kwenye kipande chake kwa maneno yasiyozidi kumi. Vitandaze mezani, chagua vinane vyenye nguvu, uvipange. Hoja nane kwa maneno 200 kila moja ni 1,600. Utangulizi 200, hitimisho 200, na insha imetimia. Kuanzia hapo huandiki tena insha ya maneno 2,000. Unaandika kipande kimoja cha maneno 200, kisha kingine. Vilivyobaki weka pembeni. Ukiviacha mbele ya macho vitakuvuta.

Kuhusu muda, wengi wamesikia ile njia ya Mwitaliano Francesco Cirillo ya miaka ya 1980, dakika 25 za kazi na tano za kupumzika. Ni njia nzuri, lakini kwa mtu anayeshindwa kuanza, dakika 25 ni mlima. Anza na kumi. Tumia saa ya mezani yenye mishale au kipima muda cha jikoni, kwa sababu mshale unakuonyesha muda ukipungua, ilhali simu utaishika kuangalia saa na utajikuta TikTok. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: mapumziko ya dakika tano kwenye simu yanakuwa saa nzima. Pumzika kwa mwili. Simama, jaza chupa ya maji, nenda hadi getini urudi. Kengele ikilia ukiwa katikati ya sentensi nzuri, usiimalize. Iache hivyo na andika chini yake neno moja au mawili ya kinachofuata, ili ukirudi uwe na pa kushika.

Na usiandike peke yako. Kaa meza moja na mwenzako maktaba, kila mtu na kazi yake, bila kuongea. Mwambie mwanzoni: "Nitamaliza kipande cha tatu kabla ya saa tano." Kuwepo kwake tu kunawasaidia wengi wenye ADHD kubaki kwenye kiti. Kama hayupo, pigianeni simu na muiache wazi. Kisha mwahidi mtu mmoja kwamba utamkabidhi rasimu siku nne kabla ya tarehe ya chuo. Awe mtu atakayeiulizia kweli. Tarehe unayojiwekea mwenyewe haitakutisha.

Swali la dawa ni la daktari wako; sisi hatuligusi.

Mwanangu yuko S.3, mwaka wa tatu wa sekondari. Akiongea darasani kila mtu anamsikiliza, lakini daftari lake limejaa makosa na anasoma polepole sana. Mwalimu anasema ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno usiotokana na upungufu wa akili. Kuna kifaa cha kumsaidia?
*Mama, Jinja*

Kipo, mama, na huenda unacho mkononi. Kwenye simu za Android, kibodi ya Gboard ina alama ya kipaza sauti. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, fungua sehemu ya kuandika kwa sauti, uongeze Kiswahili. Utakikuta cha Kenya na cha Tanzania. Jaribu vyote viwili, ubaki na kinachomwelewa. Aseme sentensi nzima, maneno kama kumi hivi. Akisema neno moja moja makosa yanaongezeka, kwa sababu programu hukisia neno kwa kutazama majirani zake. Akichanganya Kiluganda na Kiingereza katikati, itaandika vioja, na majina ya watu na vijiji atayaandika kwa mkono. Nukta na mikato ataiweka baadaye. Jaribuni pia mkiwa mmezima data, mjue kama bila bando inafanya kazi.

Kusahihisha asifanye kwa macho. Jicho la mwenye disleksia huona neno alilokusudia na kuliruka lililoandikwa. Simu imsomee kwa sauti, yeye afuate kwa kidole, na asimame kila sikio linapokataa. Makosa ya Kiswahili mara nyingi hujificha kwenye vitenzi virefu. *Hawakutuandikia* litatoka *hawatuandikia* au *hawakuandikia*, silabi moja imeanguka na maana imegeuka. Mfundishe kuligawa: *ha-wa-ku-tu-andikia*. Achore mstari mdogo baada ya kila kipande kwa penseli, kisha avisome kimoja kimoja. Kiingereza kitamsumbua zaidi, kwa kuwa herufi zake hazifuati sauti kama zetu.

Ukimchapia kitu cha kusoma, tumia herufi nyofu kama Arial au Verdana, ukubwa wa 12 hadi 14, nafasi ya mistari 1.5, karatasi ya rangi ya malai ikipatikana, na mistari isilazimishwe kuishia sawasawa upande wa kulia. Zipo herufi maalumu zinazotangazwa kuwa za disleksia. Utafiti haujaonyesha kwamba zinazishinda herufi za kawaida zilizopewa nafasi ya kutosha. Usizilipie.

La mwisho, na tafadhali usilicheleweshe: UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada kwa kila karatasi. Maombi hupitia shuleni. Nenda kwa mwalimu mkuu sasa, akiwa bado S.3, mzungumze kuhusu uthibitisho unaotakiwa. Ukingoja muhula wa mtihani utakuta mlango umefungwa.

Nina usonji (autism), yaani ubongo wangu hupokea maneno na kelele kwa namna tofauti, nafanya kazi ya habari redioni. Mhariri husema "ichangamshe kidogo" na sielewi anataka nini. Halafu chumba kina kelele.
*Mwandishi, Mbale*

Agizo la namna hiyo ligeuze maswali yenye majibu: maneno mangapi, anasikiliza nani, sentensi ya kwanza ibebe nini, na ipi kati ya habari za jana ilikuwa vile anavyotaka? Muulize kwa ujumbe ili jibu libaki limeandikwa. Mifano aliyoisifu ihifadhi faili moja, na chini ya kila mmoja andika ulichokiona: sentensi zilikuwa na maneno mangapi, sauti ya mhusika iliingia wapi. Baada ya mifano sita au saba utakuwa na kiunzi cha kujazia.

Kelele: vizibo vya masikio vya sponji havina gharama kubwa, lakini watu wengi huvivaa vibaya na kusema havifai. Kizungushe kati ya vidole safi hadi kiwe chembamba. Pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie kwa kidole sekunde 30 kikivimba. Kikibaki kimechomoza nje, toa uanze upya. Vitoe kabla ya kwenda barabarani.

Programu gani ya simu ni bora kwa kuandika?
*Msomaji, Gulu*

Ile ambayo tayari iko kwenye simu yako na inahifadhi yenyewe umeme ukikatika au betri ikiisha. Kuhamahama kutoka programu moja hadi nyingine kunakula muda wa kuandika. Ila zima masahihisho ya Kiingereza unapoandika Kiswahili, maana kila *kama* itakuwa *karma* na utachoka kabla ya aya ya pili.