Unaanza kupima miteremko Kigoma? Fuata maji kwanza

Mgeni akifika kwenye milima inayopanda kutoka Ziwa Tanganyika, macho yake hukimbilia ukali wa mteremko. Si ajabu. Ziwa liko mita kama 770 kutoka usawa wa bahari, na vilele vilivyo nyuma ya Gombe vinapita mita 1,500 ndani ya kilomita chache tu. Lakini mteremko ule ule ulisimama imara Septemba na unaweza kushuka Aprili, na pembe yake haijabadilika hata nyuzi moja. Kilichobadilika ni maji yaliyomo ndani ya udongo. Ndiyo maana tunawaomba wote wanaoanza kazi hii ya kukagua hatari ya maporomoko ya udongo wapime pembe, kisha watumie muda mwingi zaidi kujua maji yanaingia wapi, yanapita wapi na yanatokea wapi.

Chukua mfano wa hesabu, maana bila hesabu utabaki kubahatisha. Mteremko una nyuzi 30, udongo una kina cha mita 2 juu ya mwamba, uzito wake ni kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano (kipimo cha jinsi chembe za udongo zinavyokwaruzana) ni nyuzi 32 na mshikamano (jinsi chembe hizo zinavyonatana) ni kilopaskali 5. Gawanya nguvu inayoshikilia kwa nguvu inayovuta: wakati wa kiangazi unapata 1.40. Maji yakijaa hadi nusu ya kina hicho, inashuka hadi 1.11. Yakifika usoni mwa ardhi, unapata 0.81, na chochote kilicho chini ya 1 maana yake udongo unaondoka. Rudia hesabu hiyo kwa mkono mpaka uizoee. Utaona kwamba uzito wa maji si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba maji yanainua chembe za udongo kutoka ndani, zinapunguza kukandamizana, na msuguano unapungua.

Pembe yenyewe hupimwa kirahisi. Kama huna klinomita, yaani kifaa cha kupimia pembe ya mteremko, chukua ubao ulionyooka wa mita 2, weka ncha moja juu ya mteremko, usawazishe kwa pima maji (kile kifaa cha fundi cha kusawazishia), kisha pima kwa futi kamba kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Ukipata mita 1.15, hiyo ni nyuzi 30. Pima sehemu kadhaa kutoka juu hadi chini, kwa sababu wastani wa mlima mzima huficha kipande kimoja kikali kilicho juu ya nyumba za watu.

Nenda eneo lile mara mbili. Mwisho wa kiangazi nyasi zimekauka au zimeungua, na umbo la ardhi linaonekana wazi: bonde dogo lenye umbo la kijiko, ukingo wa udongo uliokatika juu yake, na chini yake vilima vidogo visivyo na mpangilio. Hapo paliporomoka zamani, na mahali palipowahi kuporomoka pana udongo uliolegea tayari. Kisha rudi katikati ya masika, mvua zikiwa zimeshanyesha kwa wiki kadhaa. Tafuta chemchemi, matete na mimea mingine ya majimaji inayoota ubavuni mwa mlima. Mara nyingi utaikuta kwenye mstari mmoja, pale udongo mwekundu unaopitisha maji unapokutana na tabaka gumu lisiloyapitisha. Mstari huo uchore kwenye ramani kabla ya kitu kingine chochote.

Waulize wenyeji pia, hasa wanaoteka maji. Shikamoo kwanza, na usianze na neno maporomoko. Uliza chemchemi ipi imehama, ipi imekauka ghafla, ipi imeanza kutoa maji ya rangi ya udongo. Mama anayeteka maji kila asubuhi anajua mabadiliko ambayo ziara yako ya siku moja haiwezi kuyaona.

Udongo uangalie kwenye shimo au kwenye mkato wa barabara, kama ile inayotoka Mwandiga kwenda Manyovu. Ukichimba shimo, usiingie kwenye kina kinachozidi mita 1.2 bila kuegemeza kuta kwa mbao. Lowesha kiganja cha udongo na uuviringishe: ukitoa uzi wa unene wa milimita 3 bila kukatika, ni mfinyanzi. Tazama pia mpaka wa tabaka. Utelezi wa kijivu, au uso laini unaong'aa na wenye michirizi inayoelekea bondeni, ni dalili kwamba udongo ulishasogea hapo. Usipite haraka; kipande hicho cha sentimita chache kinaweza kueleza zaidi ya shimo zima lililobaki.

Ukikuta ufa juu ya mteremko, unaofuata upana wake kama upinde, shughuli nyingine zisubiri. Piga vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande, na pima nafasi kati yao kwa futi ya chuma, saa ile ile kila siku, ukiandika na mvua ya siku hiyo. Upana wa ufa si muhimu kama mwendo wake. Ufa wa sentimita 10 uliotulia kwa mwaka mzima una nafuu kuliko ule uliofunguka milimita 2 jana, 4 leo. Mwendo ukiongezeka siku hadi siku, watu walio chini wahame, hata kama mvua imekatika. Maji huchelewa kufika chini. Wakati huo huo ziba ufa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa. Ufa wenye kina cha mita 1.5 ukijaa maji unasukuma kwa nguvu ya takriban tani 1.1 kwa kila mita ya urefu wake.

Sasa kazi za watu, maana mara nyingi ndizo zinazomalizia. Anayejenga huchonga mguu wa mlima apate kiwanja, na hivyo anaondoa kile kilichokuwa kinaushikilia. Bati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 2,000, na kwa kawaida zinaishia nyuma ya nyumba, kwenye mkato ule ule. Choo cha shimo na maji ya bafu vikiwa juu ya mkato vinaongeza. Ukuta wa mawe bila matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake ni bwawa lililosimama wima. Tunapendekeza bomba la milimita 50 kila baada ya mita 1.5 hadi 2, na mfereji juu ya ukuta.

Kuhusu makingamaji, yaani mitaro inayokatiza mteremko, tunaomba uangalifu wa pekee. Kwenye shamba la kahawa na migomba kule Kalinzi, mtaro uliosawazishwa kabisa unazuia mmomonyoko vizuri na unahifadhi unyevu. Kwenye mteremko wenye ufa, mtaro huo huo unalazimisha mvua kuingia ardhini mahali pabaya kuliko pote. Hapo unahitaji mfereji wenye mwinamo wa asilimia 1 hadi 2, unaopeleka maji kwenye korongo imara, nje ya eneo linalosogea. Miti nayo isikatwe kwa haraka: mizizi huoza polepole, na mteremko huwa dhaifu zaidi miaka kadhaa baada ya shoka. Nyasi za vetiva husaidia tabaka la juu, si udongo unaoteleza mita 5 chini.

Usisahau tambarare. Vijiji vya ufukweni kama Mwamgongo na Kagunga vimebanwa kati ya milima na ziwa, na mahali pa kujenga panapovutia ni mdomo wa korongo. Chimba kidogo: ukikuta mawe makubwa yamechanganyika na tope na mchanga bila mpangilio, tope lilishawahi kufika hapo. Mjini Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliwakuta watu waliokuwa chini kabisa. Wafundishe wakazi dalili moja kabla ya zote: korongo likipungua maji ghafla huku mvua inaendelea, kuna kitu kimeziba juu, na waondoke kwenda pembeni kuelekea mwinuko, wasikimbie kufuata korongo.

Ripoti yako iwe na ramani ya mstari wa chemchemi, nyufa zenye tarehe na vipimo, na nyumba zilizo chini yake. Nakala ya kwanza mpe mtendaji wa kijiji, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya wakubwa wako kuipokea. Andika waziwazi ni nani ahame mvua zikizidi, aelekee wapi, na nani atakayepima vigingi ukishaondoka.