Kaskazi, kusi na majina mengine ya pepo

Ndugu, umeuliza kama kaskazi na kusi ni majina ya pepo au ya pande za dunia. Kwetu Lamu ni ya pepo na ya misimu yake, na pande hizo tunaziita kaskazini na kusini, yaani kule upepo unakotokea.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, ikiwa kavu na yenye joto. Ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakasubiri kusi iyarudishe makwao. Kusi hushika kuanzia Aprili, nayo huja na mvua za masika na bahari nzito. Anayetaka kuijua kusi na asimame Shela mwezi wa Juni, mahali mkondo wa Lamu unapokutana na bahari kuu: mchanga humpiga miguuni, na mawimbi huvunjika meupe mlangoni mwa mkondo huo, hata mvuvi wa mashua ndogo huona afadhali abaki ndani ya mkondo.

Kusi ikianza kulegea, huingia demani, msimu ninaoupenda kuliko yote kwa safari. Kipindi pepo zinapobadilishana huitwa maleleji au tanga mbili, kwa kuwa upepo hautulii upande mmoja. Matlai, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu mawio ya jua, ni upepo wa mashariki. Umande, hapa si maji ya majani bali upepo, hutoka nchi kavu alfajiri, na ndio unaowatoa wavuvi baharini.