Walalahoi wa Roma walipataje sauti?

Ndugu umeuliza kama watu wa kawaida Roma walikuwa na sauti au maseneta tu ndo walikula nchi. Mwanzoni kwakweli hawakuwa na kitu. Waroma walipomfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius Superbus, mwaka 509 KK kwa masimulizi yao wenyewe, wakaweka makonsuli, yaani viongozi wakuu, wawili wa mwaka mmoja mmoja, kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake, lakini vyeo vikabaki kwa mapatrisia, zile familia kubwa. Maplebei, yaani watu wa kawaida, wao wanapigana vita, wanarudi wamezama kwenye madeni, na ukishindwa kulipa anayekudai anaweza kukufunga na kukutumikisha. Sasa 494 KK wakafanya kitu ambacho mimi nakipenda sana, waligoma, wanajeshi wakatoka mjini wakaenda kukaa mlimani, hakuna kurudi mpaka wasikilizwe! Ndo wakapata matribuni wao, yaani viongozi wa kuwatetea, ukimdhuru mmoja umelaaniwa, na akisema nakataza hata konsuli anasimama. Sheria zikaja kuandikwa kwenye vibao 12, 450 KK hivi, na 367 KK ndo plebei akaruhusiwa kuwa konsuli, yaani walidai zaidi ya miaka 120.