Moyo unasukuma vizuri, mbona mama anavimba?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68 na presha ya siku nyingi. Akipanda kilima kutoka sokoni anahema, jioni miguu imevimba. Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ilionyesha moyo unasukuma asilimia 60, tukaambiwa ni sawa. Daktari mwingine akasema moyo umeshindwa. Tushike lipi?
Binti yake, Kasese

JIBU: Marahaba, binti yangu. Shikeni yote mawili. Asilimia 60 ni sehemu ya damu iliyojaa chumba cha kushoto inayotoka kila moyo unapopiga. Kuanzia 50 kwa kawaida tunahesabu kusukuma ni kuzuri. Lakini namba hiyo haisemi moyo unajaaje. Presha ya miaka mingi hunenepesha ukuta wake na kuukaza, kama kiriba kilichokauka: hakitanuki kupokea. Shinikizo linarudi mapafuni, mama anahema. Maji yanashuka miguuni. Inaniuma kila ninapokutana na mama aliyeambiwa huo ni uzee tu.

Muulizeni daktari wake kuhusu furosemaidi ya kupunguza maji, na empaglifulozini. Hii ya pili ilianza kama dawa ya kisukari, lakini utafiti wa 2021 ulionyesha inapunguza kulazwa hospitalini kwa wagonjwa wa aina hii, hata wasio na kisukari. Presha idhibitiwe kwelikweli.

Chumvi ya Katwe mnayo mlangoni, najua. Mpunguzieni, na magadi kwenye maharage pia. Apimwe uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.