Maswali na Majibu: Ukomo wa Mishahara wa NFL Ligi Inapokuwa Mapumzikoni

Fainali ya Super Bowl huchezwa Februari, na kuanzia kesho yake ofisi za klabu 32 za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, huingia katika mchezo mwingine, unaochezwa kwa kalamu na kikokotoo. Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu mchezo huo wa pili, yaani ukomo wa mishahara: kiwango cha juu ambacho hesabu ya wachezaji wa klabu moja haipaswi kukivuka katika mwaka mmoja wa ligi. Maswali nimeyafupisha, lakini maana yake sikuigusa.

Msomaji wa Dallas, Texas: Mwezi Februari tuliambiwa timu imezidi ukomo kwa makumi ya mamilioni ya dola. Katikati ya Machi nasikia imesajili wachezaji watatu wapya. Fedha zimetoka wapi?

Hazikutoka popote, kwa sababu hazikuwa zimepungua. Ukomo haupimi fedha zilizoko benki, bali unapima ni mwaka upi malipo fulani yataandikwa. Mshahara wa kawaida huandikwa wote katika mwaka unaolipwa, lakini fedha ya kusaini mkataba, hata kama mchezaji ameitia yote mfukoni siku ileile, hugawanywa sawasawa katika miaka ya mkataba, ilimradi mgawanyo huo usizidi miaka mitano. Karibu kila ujanja utakaousikia mwezi Machi unapitia mlango huo mmoja.

Mimi hukaa na daftari la mistari na kuchora safu za miaka, na ninamshauri kila anayetaka kuelewa jambo hili afanye hivyo. Tuchukue mchezaji wa mfano ambaye mshahara wake mwaka huu ni dola milioni 20 na mkataba wake umebakiza miaka minne. Klabu inachukua milioni 18 katika mshahara huo na kuzibatiza jina jipya, fedha ya kusaini. Mchezaji anazipokea mapema badala ya kuzisubiri wiki hadi wiki msimu ukianza, kwa hiyo hana sababu ya kununa. Tena mikataba mingi huwa na kifungu kinachoiruhusu klabu kufanya hivyo bila hata kumwomba ridhaa. Zile milioni 18 zikigawanywa kwa minne, kila mwaka unabeba milioni 4.5, na hesabu ya mwaka huu inashuka kutoka milioni 20 hadi 6.5. Nafasi ya milioni 13.5 imepatikana mchana mmoja. Sasa angalia safu tatu zilizobaki katika daftari: kila moja imeongezewa milioni 4.5, na ukizijumlisha unapata milioni 13.5 zilezile. Huko ndiko kusuka upya mkataba.

Klabu ikiona miaka iliyobaki haitoshi kugawanya, huongeza miaka ambayo kila mtu mezani anajua kwamba mchezaji hatacheza. Sisi tuliozoea habari za wafanyakazi hewa tunaweza kuiita miaka hewa. Tampa Bay Buccaneers waliitumia kwa Tom Brady baada ya kutwaa naye ubingwa wa msimu wa 2020, na alipostaafu moja kwa moja mwaka 2023 hesabu yao ya mwaka huo ikabeba takriban dola milioni 35 kwa ajili ya mtu ambaye hakuvaa tena jezi. Binafsi naona walifanya biashara nzuri, kwa kuwa kikosi kilikuwa bado cha kuwania kombe. Siwezi kusema hivyo kuhusu New Orleans Saints, ambao wamekuwa wakiyapiga danadana madeni yao mwaka baada ya mwaka, na kuanzia msimu wa 2021 hadi wa 2024 hawakuingia hata mara moja katika hatua ya mtoano. Kuikopa kesho kunaeleweka pale kikosi cha leo kinapoweza kuchukua ubingwa. Kuikopa ili kubakiza kikosi cha wastani ni kujichosha.

Nakumbusha tu kwamba mwaka mpya wa ligi huanza katikati ya Machi, saa 10 jioni kwa saa za New York, na dakika hiyo kila klabu lazima iwe chini ya ukomo. Ndiyo maana taarifa za kusuka mikataba hufululizana siku mbili tatu kabla ya hapo.

Msomaji wa Mwanza: Nani anapanga kiwango hicho, na kwa nini klabu za Ulaya hazina kitu kama hicho?

Kiwango hutokana na mkataba wa pamoja kati ya wamiliki wa klabu na chama cha wachezaji. Mkataba uliopo ulipitishwa mwaka 2020 na unafika hadi msimu wa 2030. Unawapa wachezaji angalau asilimia 48 ya mapato ya ligi, na fungu hilo, baada ya kutoa marupurupu, hugawanywa kwa klabu zote 32 kwa usawa. Ukomo ulipoanza mwaka 1994 ulikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2020 ulikuwa milioni 198.2, ukashuka hadi milioni 182.5 mwaka 2021 kwa sababu viwanja vilikuwa vitupu wakati wa korona, kisha fedha za televisheni zikaupandisha hadi milioni 279.2 mwaka 2025. Upandaji huo ndio unaowatia kiburi mameneja wanaosogeza madeni mbele, maana milioni 10 za mwaka huu zitakuwa sehemu ndogo zaidi ya ukomo wa miaka mitatu ijayo.

Si kweli kwamba Ulaya hawana chochote. Lionel Messi aliondoka Barcelona Agosti 2021 kwa sababu klabu ilikuwa imebanwa na ukomo wa gharama za kikosi unaowekwa na La Liga, na UEFA nao wanazitaka klabu zilizo katika mashindano yao zisitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato yao kwa kikosi. Tofauti ni kwamba huko kila klabu hupimwa kwa mapato yake yenyewe, kwa hiyo tajiri hubaki na ukomo mkubwa, ilhali Green Bay, mji wa watu laki moja na ushee, una ukomo uleule wa New York. Hata ujanja unafanana: Chelsea walipomsajili Mykhailo Mudryk Januari 2023 walimpa mkataba wa miaka minane na nusu ili ada yake igawanyike katika miaka mingi, na UEFA wakajibu kwa kuweka mpaka wa miaka mitano, idadi ileile ya NFL.

Msomaji wa Minneapolis: Kwa nini timu yangu inasubiri Juni kumtema mchezaji ambaye kila mtu anajua hatakiwi?

Kwa sababu ya tarehe 1 Juni. Mchezaji akiachwa kabla ya siku hiyo, sehemu zote za fedha ya kusaini ambazo zilikuwa zimewekwa katika miaka ijayo huporomoka kwa pamoja na kuangukia mwaka huu. Akiachwa baadaye, mwaka huu hubeba sehemu yake tu, na zilizobaki huangukia mwaka unaofuata.

Rudi kwenye daftari. Mchezaji ana mshahara wa dola milioni 12 na amebakiza miaka mitatu, kila mmoja ukiwa na milioni 5 za fedha ya kusaini, hivyo mwaka huu anahesabiwa milioni 17. Akitemwa Machi, mshahara unafutika lakini milioni 15 zinaanguka kwa mpigo, na klabu imeokoa milioni 2 tu. Akitemwa kwa utaratibu wa Juni, mwaka huu unabaki na milioni 5, klabu inaokoa milioni 12, na mwaka ujao unapokea milioni 10. Kanuni zinaruhusu kila klabu kuwaachia wachezaji wawili mapema, mwezi Machi, kwa masharti ya Juni, jambo ambalo ni la kiungwana kwa kuwa mchezaji anapata muda wa kutafuta kazi. Lakini hadi tarehe 2 Juni anaendelea kuhesabiwa milioni 17 kamili. Kwa hiyo nafasi hiyo haisaidii kitu katika usajili wa Machi. Husaidia kuwasajili chipukizi waliochaguliwa katika drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya wanaotoka vyuoni, na kuziba mapengo ya majeruhi.

Tarehe hiyohiyo inaeleza kwa nini Drew Brees wa Saints, mwanzoni mwa 2021, alikubali mshahara wake wa mwaka huo ushushwe kutoka dola milioni 25 hadi takriban milioni moja, wakati alikuwa anastaafu. Hakuwa na nia ya kuucheza mshahara huo. Alikuwa anaisaidia klabu imbebe katika vitabu kwa bei ndogo hadi Juni ipite.

Msomaji wa Nairobi: Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alisaini miaka kumi kwa dola milioni 450. Je, zote ni zake?

Mkataba huo wa Julai 2020 ni wa kweli, ila katika NFL idadi ya kwanza unayoisoma kwenye kichwa cha habari si ya kuaminika peke yake. Klabu inaweza kuuvunja mkataba, na kisichokuwa na dhamana hakilipwi. Swali la kuuliza siku zote ni kiasi gani kimedhaminiwa. Cleveland Browns walishangaza ligi nzima Machi 2022 walipompa Deshaun Watson dola milioni 230 kwa miaka mitano huku kila senti ikiwa na dhamana. Tangu hapo wameusuka upya mkataba huo zaidi ya mara moja, na wamiliki wengine wameukwepa mfano huo kama moto.

Msomaji wa Columbus, Ohio: Sikuelewa suala la Russell Wilson. Mwaka 2024 Denver walimlipaje mtu aliyekuwa anacheza Pittsburgh?

Hilo linahitaji maelezo kidogo. Wilson ni kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuugawa, na ndiyo nafasi inayolipwa kuliko zote uwanjani. Denver Broncos walimchukua kutoka Seattle mwaka 2022 na, kabla hajawachezea mechi hata moja ya msimu, wakamwongezea mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 245. Misimu miwili ikapita bila mtoano, na Machi 2024 wakamwachia.

Kilichobaki ni kile ambacho mashabiki wa Marekani hukiita fedha mfu: fedha ya kusaini ambayo haijamaliza kuandikwa, pamoja na mishahara iliyokwisha kudhaminiwa. Jumla ilikuwa kama dola milioni 85, hesabu ambayo haijawahi kuonekana kabla yake, na Broncos wakaigawa kwa utaratibu wa Juni, takriban milioni 53 mwaka 2024 na milioni 32 mwaka 2025. Wilson alikuwa bado anawadai milioni 39 za dhamana kwa mwaka 2024, na chochote ambacho klabu mpya ingemlipa kingepunguzwa humo. Pittsburgh Steelers walifanya hesabu ambayo hata mwanagenzi angeifanya: wakampa kima cha chini cha mchezaji mkongwe, dola milioni 1.21, na Denver wakamalizia zilizobaki.

Wengi walitabiri kwamba Denver wangezama. Badala yake walimchagua kwotabeki chipukizi, Bo Nix, katika drafti ya mwaka huohuo, kwa mkataba wa miaka minne usiofika dola milioni 19 kwa jumla, wakashinda mechi 10 na kuingia katika mtoano kwa mara ya kwanza tangu walipotwaa ubingwa wa msimu wa 2015. Fedha mfu inauma, lakini inauma zaidi klabu ambayo mgawa mpira wake naye ni ghali.

Msomaji wa Muscat: Mmiliki bilionea si aamue tu kuvuka na kulipa faini?

Hawezi. Mkataba unaoivusha klabu juu ya ukomo haupitishwi na ofisi ya ligi, na usipopitishwa mchezaji si wako. Mwaka 2010 haukuwa na ukomo wowote, na Washington na Dallas wakautumia kurundika malipo ya wachezaji wao humo. Ligi ikaona wamekiuka moyo wa makubaliano, na mwaka 2012 ikawakata nafasi ya dola milioni 36 na milioni 10, kila mmoja yake. Kuadhibiwa kwa jambo ambalo hakuna kanuni iliyoandikwa kulikataza hakukunipendeza wakati ule, na hata leo hakunipendezi.

Msomaji wa Dar es Salaam: Kwa nini San Francisco waliwaachia wachezaji wengi wazuri Machi 2025 wakati hawakuwa na deni kubwa?

Kwa sababu bili kubwa ilikuwa njiani. Kwotabeki wao, Brock Purdy, alichaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa, katika drafti ya 2022. Tangu mwaka 2011 malipo ya chipukizi hupangwa kwa jedwali, na mkataba wao hauwezi kujadiliwa upya kabla ya msimu wa tatu kumalizika, hivyo San Francisco 49ers walifika Super Bowl ya Februari 2024 wakiwa na kwotabeki ambaye mshahara wake wa msimu ulikuwa dola 870,000. Fedha ambazo wengine humpa kwotabeki wao waliwapa walinzi na wapokeaji.

Msimu wake wa tatu ulipokwisha, hesabu ikageuka. Machi 2025 walimuuza Deebo Samuel kwa Washington wakapata nafasi moja tu ya raundi ya tano ya drafti, wakakubali kubeba zaidi ya dola milioni 30 za fedha mfu kwa ajili yake, na wakawaacha Dre Greenlaw na Talanoa Hufanga waende Denver na Charvarius Ward aende Indianapolis. Mwezi Mei Purdy akasaini miaka mitano kwa dola milioni 265.

Msomaji wa Mombasa: Nafasi isiyotumika inapotea?

Haipotei. Klabu ikiitaarifu ligi, inahamia mwaka unaofuata yote kama ilivyo. Na usishangae ukiona klabu inasajili mtu wa dola milioni 2 na nafasi ikapungua kwa milioni 1.16 tu: wakati wa mapumziko wanahesabiwa wachezaji 51 wa bei ya juu kati ya 90 wanaoruhusiwa kambini, kwa hiyo mgeni akiingia humsukuma nje wa 51, ambaye mwaka 2025 kwa kawaida alikuwa chipukizi wa dola 840,000.